Kabla ya kumtema mlenga shabaha, hesabuni risasi za mtutu wake

Soka letu lina timu zilizobeba jina la mchezo mwingine na hakuna anayeshangaa. Ruvu Shooting. Mgambo Shooting ya Tanga. Tumezishangilia, tumezizomea, tumecheka mpaka mbavu zikauma Masau Bwire alipokuwa akitangaza nani atapapaswa wikiendi. Ruvu Shooting ikashuka daraja msimu wa 2022/23, na wengi wetu mpaka leo hatujawahi kuuliza hiyo 'shooting' yenyewe inachezwaje na mkali wake ni nani.

Basi leo mniazime ukurasa. Naandika kutoka Morogoro, mji kasoro bahari, chini ya milima ya Uluguru ambako huo mto Ruvu unaanzia. Mji huu tunaujua kwa Mseto waliobeba ubingwa wa Bara mwaka 1975, kwa Reli 'Kiboko ya Vigogo', kwa Uwanja wa Jamhuri. Lakini hapahapa ndipo lilipo Shirika la Mzinga la Wizara ya Ulinzi, lililoanzishwa miaka ya 1970, linalotengeneza risasi. Mji wa risasi kabisa! Ila nenda Msamvu ukaulize bingwa wa kulenga shabaha ni nani, utaonyeshwa basi la Dar.

Kulenga shabaha kwetu ni mchezo wa majeshi kwanza. Kwenye michezo ya BAMMATA upo, pamoja na soka, netiboli na riadha. Vijana wanachujwa kwa alama: aliyepata nyingi anabaki kwenye timu, aliyepata chache anarudi kikosini kwake na habari yake imeisha. Na hapo ndipo penye kidonda. Alama zinasomwa kwenye karatasi kana kwamba kila tundu limetobolewa na kidole cha kijana mwenyewe, wakati matundu mengine ni ya mtutu aliokabidhiwa.

Niwaeleze kwa lugha ya mpira. Mnakumbuka faulo za Cristiano Ronaldo, zile ambazo mpira hauzunguki, unacheza hewani huku na huku mpaka kipa anaonekana amelewa? Kwenye soka hiyo ni silaha. Kwenye shabaha ni msiba. Risasi isiyozunguka vizuri inayumba, wakati mwingine inafika imelala ubavu na kutoboa karatasi kwa tundu refu badala ya duara. Ndiyo maana ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji inayojipinda kama nyuzi za skrubu. Risasi inapopita inashikwa na mifereji ile, inalazimishwa kuzunguka, na kwa bunduki ya milimita 7.62 inatoka ikiwa inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde moja. Mzunguko huo ndio unaoinyoosha.

Sasa mifereji hiyo inaliwa. Baruti ikilipuka, gesi yake inapita nyuzi joto 2,000, na mgandamizo kwenye bunduki ya aina hiyo unafika kama mara 4,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Pigo lote hilo linaangukia pale mwanzo wa mifereji, sehemu tunayoweza kuiita koo la mtutu. Kila mlipuko unachoma chuma kidogo. Baada ya maelfu, koo linapasukapasuka mistari midogomidogo kama matope ya bwawa la Mindu wakati wa kiangazi, kingo za mifereji zinalainika, risasi inaruka kipande kabla ya kushikwa, na inaingia mifereji ikiwa imeinama kidogo. Kidogo tu. Lakini mchezo wenyewe ni wa kidogo tu.

Mtutu unadumu muda gani? Kwa bunduki ya shabaha ya 7.62, walengaji wengi huanza kuona tofauti kati ya risasi 4,000 na 6,000. Zipo aina zenye baruti nyingi na risasi nyembamba ambazo hata 1,500 hazifiki. Bunduki ndogo ya .22, yenye risasi ya risasi laini isiyovikwa shaba na msukumo mdogo, inakwenda makumi ya maelfu bila kulalamika. Kuna hesabu moja inayonifurahisha: risasi ya 7.62 inakaa ndani ya mtutu kama sekunde moja ikigawanywa mara elfu, au zaidi kidogo. Zidisha kwa 5,000. Maisha yote ya kazi ya mtutu ule hayafiki sekunde kumi. Kuna wapigaji penalti wanaotumia muda mrefu zaidi ya huo kuuweka mpira sawa.

Mtutu wa jeshi umepakwa kromu ndani na umetengenezwa kuvumilia mengi zaidi, hilo kweli. Lakini kuvumilia ni jambo moja na kulenga kishindani ni jingine. Bunduki inayotosha kabisa kazi ya ulinzi inaweza kuwa imekwishafeli mtihani wa michezo. Na bunduki ya mafunzo haina bwana mmoja: asubuhi anaishika huyu, mchana yule, inafyatuliwa mfululizo mpaka mtutu unachoma mkono, na chuma cha moto kinaliwa haraka kuliko cha baridi. Kijana mmoja anayepiga risasi 60 kwa siku, siku tano kwa wiki, anazifikisha 5,000 katika wiki 17. Akianza Januari, kabla masika hayajaisha mtutu umekwenda. Wakiwa wanaipokezana watatu, fanya hesabu mwenyewe.

Tuje kwenye karatasi. Katika shabaha ya kimataifa ya mita 300, duara la alama 10 lina upana wa sentimita 10. La 9 lina 20, la 8 lina 30, la 7 lina 40. Chukua bunduki iliyochoka ambayo, hata ukiifunga kwenye meza isitikisike, risasi zake zinatawanyika ndani ya duara la sentimita 35. Mpe mlengaji asiyekosea kamwe, pumzi imetulia, kidole laini, katikati kabisa kila safari. Bado karatasi yake itakuwa na nane na saba. Mwenzake wa kawaida tu, mwenye mtutu mpya, anampita. Kisha jioni orodha inabandikwa ukutani na jina la yule fundi halipo.

Na ole wake afungue mdomo.

"Afande, hii bunduki inatawanya."
"Bunduki haitawanyi, kuruta. Wewe ndiye unayetawanyika."

Nacheka, lakini jibu hilo linapoteza watu. Kibaya zaidi, kijana mwenyewe anaanza kuliamini. Anabadilisha mkao, anahamisha shavu kwenye kitako, anasogeza saiti kila baada ya risasi tatu akifukuza kosa ambalo halikai sehemu moja. Ndani ya miezi miwili hata ukimpa bunduki nzuri hajui tena alichokuwa akikifanya sawasawa. Ni kama straika mnayemzomea mechi tano mpaka anaogopa kupiga golini, halafu mnagundua kiatu chake kilikuwa hakina meno.

Najua mtakachosema, maana mashabiki wa soka tunavijua visingizio kuliko mtu yeyote. Mtutu mbovu unaweza kuwa kama refa mbovu: kila aliyefungwa anaye. Kweli. Makosa mengi ya shabaha bado ni ya binadamu, ya kuvuta kifyatulio kwa pupa, ya kutosoma upepo, na upepo wa mchana unaoshuka kwenye kuta za Uluguru si wa kuuchezea. Athens 2004, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali ya bunduki mita 50, amebakiza risasi moja tu na dhahabu iko mfukoni. Akapiga vizuri sana, kwenye shabaha ya jirani yake! Sifuri. Akaangukia nafasi ya nane. Hapo mtutu haukuwa na hatia yoyote.

Ndiyo maana sitaki tubishane kwa midomo. Kosa la mtu na kosa la mtutu vinatenganishwa kwa kazi ya nusu saa. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, piga risasi kumi za boksi moja, pima utawanyiko kwa rula. Mpe bunduki hiyohiyo mlengaji mwingine mzuri apige kumi zake. Mpe mlalamikaji bunduki inayojulikana kuwa nzima. Kama kutawanya kunamfuata mtu, mwambie afanye mazoezi na aache maneno. Kama kunabaki na bunduki, itolewe kwenye mashindano siku hiyohiyo. Mafundi wa silaha wana geji ya kupimia koo la mtutu, haichukui hata dakika tano.

Lakini kipimo ninachokipenda zaidi ni daftari. Namba ya bunduki juu ya ukurasa, chini yake tarehe na idadi ya risasi zilizopigwa. Basi. Dereva wa basi la Morogoro–Dodoma anajua amebadilisha oili kilomita ngapi zilizopita. Kocha wa Ligi Kuu anajua beki wake amecheza dakika ngapi. Bunduki ya mashindano, inayoamua nani atavaa jezi, haiwezi kuishi bila hesabu.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga kura, kila mmoja aokote bunduki kwa bahati yake. Sikubali. Mchezo wa pentatloni ulikuwa ukifanya hivyo kwa farasi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza, akapangiwa farasi aitwaye Saint Boy ambaye siku hiyo aligoma kuruka. Akamaliza wa 31, analia mbele ya dunia nzima. Baada ya Paris 2024 farasi wakaondolewa kabisa. Ukigawa vifaa vibovu kwa bahati nasibu, umegawa dhuluma kwa usawa tu.

Kuna na la Moro hasa. Huku mvua na ukungu wa mlimani si wageni, na unyevu ukikaa ndani ya mtutu usiosafishwa unaleta kutu inayofanya kazi ileile ya moto, tena bila hata kufyatua. Halafu wapo wanaosafisha kwa hasira: fimbo ya chuma inaingizwa kutoka mbele, inasugua ukingo wa mdomo wa mtutu, na ukingo huo ndio mguso wa mwisho wa risasi. Ukiuharibu upande mmoja, umeitega bunduki. Isafishwe kutoka nyuma pale inapowezekana, taratibu, na pasipowezekana fimbo ivalishwe kizuizi isiguse ukingo.

Mnaouliza raia tunaingilia wapi, jibu ni bunduki ya upepo ya mita 10. Ipo Olimpiki tangu 1984, inachezewa ukumbini, kipande chake cha milimita 4.5 kinasukumwa na hewa, hakuna moto, na mtutu karibu hauchakai. Duara la alama 10 ni kitone cha nusu milimita. SUA na Mzumbe wana kumbi na wana vijana. Kibali kitafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na bei ya bunduki ya ushindani ni mamilioni, sifichi. Ila ukishanunua moja, wanafunzi wa miaka mingi watapimwa kwa mtutu uleule na hakuna atakayeonewa.

Hilo ni la kesho. La sasa ni la BAMMATA na waandaaji wa mashindano ya vikosi: kabla ya mchujo unaofuata, kila timu ije na daftari la risasi kama inavyokuja na leseni za wachezaji wa soka, na bunduki isiyo na daftari ipimwe juu ya mifuko ya mchanga mbele ya timu zote. Mchanga upo wa kutosha mto Ngerengere.