Kalamini haijileti yenyewe



Katika gazeti hili tunasoma mara nyingi juu ya mitihani, michezo na tabia njema. Leo ninaomba nafasi kidogo niseme juu ya kitu cheusi kinacholala ndani ya moteri za pikipiki: kalamini. Wengine watacheka, watasema hiyo ni kazi ya watu wa garaji. Lakini wengi kati yetu tunakaa kwenye kalasi sababu kuna baba ao kaka anayeendesha pikipiki ya taksi tangu asubuhi mpaka usiku. Pikipiki ikilala garaji juma nzima, minervali nayo inalala.

Neno langu ni moja: kalamini si ugonjwa, ni alama ya ugonjwa. Mwenye kuikwangua bila kutafuta inatoka wapi anafanya kama mutu anayepanguza maji chini na huku bati linaendelea kuvuja.

Kalamini ni nini? Katika kemia tunajifunza kwamba esanse imefanywa na kaboni na hidrojeni. Ikiungua vizuri, kaboni yote inatoka kama gazi. Lakini kilo 1 ya esanse inaomba karibu kilo 14,7 za hewa. Hewa ikipunguka, kaboni ingine inabaki masizi. Na mafuta ya moteri yakipanda mahali pa moto, yanaungua nusu, yanakuwa kama gundi na kukamata yale masizi. Kidogo kidogo inakuwa ngozi ngumu juu ya pistoni, juu ya supapi na ndani ya kichwa cha silinda.

Tufanye hesabu. Moteri ya 125 cm³ yenye kukandamiza mara 9 inaacha juu ya pistoni nafasi ya karibu 15,6 cm³ tu. Kalamini ikikamata 2 cm³, inabaki 13,6, na kipimo kinapanda kutoka 9 mpaka kupita 10. Hakuna mutu aliyebadilisha pistoni, lakini moteri sasa inakandamiza kuliko vile aliyeitengeneza alitaka. Ndipo unasikia kwenye mlima inagonga, ni kama mutu anapiga nyundo ndogo ndani. Tena kipande cha kalamini kinaweza kuwa chekundu kama kaa la moto, kikawasha esanse mbele ya buji. Unakata kontakti, na moteri inatetemeka bado! Kalamini ikiingia kwenye segema za pistoni, zinashikamana. Mafuta yanapanda zaidi, kalamini inaongezeka. Ugonjwa unazaa ugonjwa.

Sasa tunaona nini katika garaji nyingi? Mwenye pikipiki anasema haina nguvu. Fundi anafungua, anakwangua, anafunga, anapokea franka zake. Nyuma ya miezi michache, mambo ni yaleyale. Jirani yetu mmoja alifunguliwa moteri mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara alilipa. Siku moja mtoto wake akatoa filtiri ya hewa: ilijaa vumbi kama gunia la unga wa muhogo. Fundi hakuwa mwizi. Hakuuliza tu.

Njo hapa ninasema: mbele ya kukamata funguo, tuulize maswali.

Kwanza, filtiri ya hewa iko safi? Wakati wa kiangazi, barabara zetu za udongo zinaijaza haraka. Pili, starteri imerudishwa? Wengi wanaivuta asubuhi sababu ya baridi, kisha wanaisahau, na moteri inakunywa esanse nyingi siku yote. Tatu, buji inasema nini? Itoe uisome. Nyeusi na kavu kama masizi: esanse ni nyingi ao hewa ni kidogo. Nyeusi na kulowa mafuta: mafuta ya moteri yanapanda, tazama segema na supapi. Moshi wa bluu unashuhudia neno hilohilo. Ikiwa na rangi ya kahawia, isifu, uirudishe.

Nne, esanse inatoka wapi? Si kila Kadafi anayeuza kwa chupa kando ya njia ni mudanganyifu. Lakini esanse iliyochanganywa na petroli ya taa haiungui vizuri, tena inafanya moteri kugonga upesi. Tano, moteri inakaa kwenye ralanti saa ngapi? Buji inaomba joto la karibu digri 500 ili iunguze yenyewe masizi yake. Moteri inayonguruma bure chini ya muti haifiki hapo.

Kuna moteri zinazokunywa esanse iliyochanganywa na mafuta, kama misumeno ya kupasulia mbao. Kama kitabu kinasema 2 kwa 100, litri 5 zinaomba 100 cm³, basi. Anayeongeza mara mbili « ili isichoke » anaipikia kalamini. Na ile pikipiki ya magurudumu mane, inayoitwa kwadi, haiepuki sheria hii. Inatembea polepole ndani ya matope na vumbi, inavuta mizigo, na mara nyingi bomba lake la moshi lina wavu mudogo wa kuzuia cheche. Wavu ule ukizibwa na kalamini, moteri inakosa pumzi hata kama ndani ni safi.

Ninajua majibu ya wengine. Wanasema: « Tufungue tu kila mwaka, ni kama dawa ya minyoo. » Hapana. Kila kufungua kunaomba franka, vumbi inaweza kuingia, na nyuzi za bulo ndani ya aluminiumu zinachoka. Wengine: « Ikimbize sana, itajisafisha. » Kuna ukweli kidogo: kazi ya nguvu na joto inaunguza masizi mororo. Lakini ngozi ngumu haitoki hivyo, na segema iliyokwisha haiponi kwa mbio. Wa mwisho ndio hatari: « Mimina maji katika karabirateri. » Maji hayakandamizwi kama hewa. Yakiwa mengi, biela inapinda, na pale utalia kweli.

Sisemi moteri isifunguliwe kamwe. Kama maswali yamejibiwa na kugonga kunaendelea, ifunguliwe. Lakini ikwanguliwe na kipande cha muti mugumu, si kisu wala turnevisi ya chuma. Ilowanishwe na petroli, mbali na moto. Soda ya kutengenezea sabuni isiikaribie, sababu inakula aluminiumu. Karatasi mupya iwekwe chini ya kichwa cha silinda, na bulo zikazwe kwa musalaba, kidogo kidogo.

Kwa hiyo ninaomba wakubwa wa shule jambo moja lisilo na bei kubwa. Katika sehemu ya mekanika, siku ya kwanza ya kila kazi, mwanafunzi asipewe funguo. Apewe kwanza daftari, aandike: rangi ya buji, hali ya filtiri, rangi ya moshi, esanse imenunuliwa wapi. Kisha aseme mbele ya wenzake anawaza nini, na kwa sababu gani. Akikosea kwenye karatasi, hakuna baba anayelipa. Mikono yetu inajua kukaza bulo tayari. Kinachopunguka ni kuuliza.

Mwenye mawazo ingine aandike. Gazeti hili ni lake pia.

Mwanafunzi wa mekanika