Mnapanda Usambara Kuchukua Nini?

Basi la wanafunzi wa uzamili likimaliza kona za kutoka Mombo na kuingia Lushoto, wanafunzi hao hushuka na vipimo vya udongo, nyavu za kunasia ndege na madodoso yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Mshambaa wa kwanza kuitwa ni wa kubeba mizigo. Wa pili atatafsiri maswali, wa tatu atahojiwa. Jioni watapewa posho, na tasnifu ikikamilika watatajwa kwenye aya ya shukrani, kama wakikumbukwa. Halafu tunasimama kwenye makongamano kuhubiri usawa na ujumuishi katika elimu ya mazingira!

Dharau hii ni kongwe kuliko vyuo vyetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la milima hii. Mwaka uliofuata likabandikwa jina lake, Saintpaulia, na leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Pale Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, baadaye Mwingereza Reginald Moreau alijijengea sifa ya ujuzi wa ndege wa Afrika Mashariki, naye Salimu Asmani ndiye aliyekuwa akimtafutia ndege hao msituni. Moreau ni jina kubwa. Salimu alisubiri miongo mingi mpaka wanahistoria wamfukue.

Ukiyasema haya utajibiwa kwamba tukifungua milango ya vyuo, viwango vitashuka. Viwango vya nani? Wataalamu wa kikoloni walileta viwango vyao Mlalo mwaka 1946, kisha katika miaka ya 1950 wakavisambaza Usambara: matuta kwa amri, kwenye miinamo ambayo wao hawakuwahi kuilima. Jembe lilikuwa mikononi mwa mwanamke, na hakuna aliyemuuliza. Asiyetii alishtakiwa. Watu wakagoma, na kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umeshakufa. Mwanahistoria Steven Feierman aliyeandika habari hizo mwaka 1990 hakuona aibu kuwaita wakulima wale wasomi. Sisi tunawaita watoa taarifa.

Na mjukuu wa kike wa mwanamke yule mwenye jembe? Kati ya mwaka 2017 na Novemba 2021 msimamo wa serikali ulikuwa kwamba mwanafunzi akipata mimba, harudi tena shule ya umma. Waliofungiwa mlango miaka ile ndio leo wangekuwa wanajaza fomu za shahada ya pili. Kamati ya udahili inayongoja waombaji wenye mapengo machache kwenye vyeti inaendeleza adhabu ambayo serikali yenyewe imeshaifuta.

Kisha kuna Irente, kilomita chache tu kutoka Lushoto mjini, kwenye shule ya watoto wasioona. Mwambie mhadhiri wa ikolojia kwamba mmoja wao anaweza kuwa mwanafunzi wake, uone atakavyocheka. Acheke, lakini atueleze kwanza namna anavyohesabu ndege katika msitu mnene wa Magamba, ambako majani hayakuachii kuona hatua ishirini. Si kwa masikio? Ndege wa msituni hutambuliwa kwa sauti kwanza. Macho huja baadaye, yakibahatika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu imekuwepo tangu 2010, ila kambi zetu za mafunzo bado hupangwa kana kwamba mwanasayansi ni kijana wa kiume mwenye miguu ya mbuzi.

Nasema hivi kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, maana kina msitu wake huku, Mazumbai, upande wa Bumbuli. Familia ya Tanner, iliyokuwa ikikimiliki, ilikitoa kipande hicho cha mlima kwa chuo kikuu cha umma mwaka 1968, na Sokoine ikakirithi. Basi tuonyesheni orodha. Tangu wakati huo, ni watoto wangapi wa vijiji vinavyouzunguka msitu ule wamepata shahada ya uzamili kwa utafiti uliofanyika humo? Ni wasichana wangapi? Kama idadi inatia fahari, ibandikeni kwenye ofisi ya kijiji. Kama inatia aibu, kila mradi wa nje utakaoomba kuingia Mazumbai ulipe karo ya mwanafunzi mmoja wa pale mpaka ahitimu, na kijana anayejua njia za msitu aandikwe miongoni mwa waandishi wa makala. Mradi ukikataa, geti lifungwe.