Mazombi wa Jane Austen? Kamere Tuko na Stori Kali Kuliko Hiyo

Kama ulicheki Pride and Prejudice and Zombies ya 2016, unajua mambo yake: madem wa magauni marefu wanasaka mabwana, na visu wamezificha ndani ya sketi juu mazombi wamejaa. Jane Austen aliandika mapenzi tu, 1813. Mazombi waliongezwa na Seth Grahame-Smith kwa kitabu cha 2009, na hakuomba mtu ruhusa. Hakimiliki ilikuwa imeisha kitambo.

Sasa skia hii. Babake hao madem ni Charles Dance. Huyo huyo ndiye aliigiza Lord Erroll kwa White Mischief, 1987. Na Erroll wa ukweli aliishi Oserian, kwa Djinn Palace, hapo tu jirani na Kamere. Alimnyang'anya mwenye nyumba bibi, akahamia! 1941 akapatikana ndani ya gari nje ya Nairobi, amepigwa risasi. Jock Delves Broughton akashtakiwa, korti ikamwachilia.

Mapenzi iko, maiti iko, hadi jina la nyumba ni la majini. Lakini kwa hiyo filamu Mwafrika anafanya nini? Wengi wanahudumia wazungu tu.

Buda, wewe na mbogi yako ya drama mnaweza anzisha hiyo stori jikoni, na mpishi aliyeona kila kitu. Matukio ya historia hayana mwenyewe. Maneno ya kitabu cha James Fox ndiyo usiibe, hayo bado yanalindwa. Na usitegemee mazombi wakuletee doo: ile ya 2016 ilikula kama dola milioni 28, ikarudisha kama 16 hivi.