Msaada wa hesabu usingoje Aprili

Kila Mei inapokaribia, na mitihani ya Kidato cha Sita nayo, vijana wa PCM, PGM na EGM, michepuo yenye hesabu, huzunguka na maswali magumu wakitafuta wa kuwasaidia. Humpata: mwalimu wa tuisheni, kaka aliyeko chuo kikuu, siku hizi hata simu. Kasoro ni aina ya msaada wenyewe.

Chukua integrali ya ln x. Mwanafunzi anaikodolea macho, haoni pa kuanzia. Msaidizi anaandika x ln x − x + C, kijana ananakili, wanaagana. Kumbe kazi yote imo katika hatua iliyorukwa: kuiona ln x kuwa ni ln x mara 1, kisha kuintegreti kwa sehemu. Asiyeulizwa hiyo 1 imetoka wapi atakwama tena akiletewa tan⁻¹ x, ingawa ujanja ni uleule.

Pa kujua wanafunzi hukwama wapi papo: Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikionesha walikokosea na sababu zake. Zinapatikana bure. Tunashuku ni shule chache zinazozifungua.

Rai yetu kwa wakuu wa shule: tengeni saa moja kila wiki tangu Kidato cha Tano, mwanafunzi aje na swali alilokwisha kulihangaikia, pamoja na karatasi aliyochafua. Mwalimu alipwe posho ya saa hiyo. Fedha za kambi za zimamoto, mitihani ikikaribia, mbona hupatikana? Na shule isiyo na mwalimu wa hesabu iazime wa jirani, walau Jumamosi.