Kujitoa kwa Waingereza na Ngoma za Magazeti Yao

Siku ya Alhamisi, Juni 23, 2016, Waingereza waliulizwa swali moja: wabaki katika Umoja wa Ulaya, au watoke? Watu milioni 17.4 walisema watoke, na milioni 16.1 wakasema wabaki. Usiku wa Januari 31, 2020, saa tano kwa saa za London, nasi huku ikiwa saa nane za usiku wa manane, wakatoka rasmi baada ya kukaa humo miaka 47. Uamuzi huo ni wao. Haki ya taifa kuchagua liungane na nani na liachane na nani hatuwezi kuibeza sisi tulioipigania. Tunaloliandikia leo ni jambo linalomhusu mfanyakazi wa kila nchi: ni nani aliyemhesabia mfanyakazi wa Kiingereza faida na hasara ya safari ile, na je, hesabu hiyo ilikuwa ya kweli?

Kabla ya kura, waliotaka kutoka walizungusha nchini basi jekundu lililoandikwa ubavuni kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba ni heri fedha hizo zipewe hospitali za taifa. Hesabu hiyo haikuwa ya kweli. Tangu mwaka 1984, Bibi Margaret Thatcher alipowabana wenzake, Uingereza ilikuwa ikipata punguzo kubwa, na fedha za punguzo hilo hazikuvuka bahari hata siku moja. Katika zile zilizovuka, nyingine zilirudi kwa wakulima na kwa wilaya maskini. Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo ilisema waziwazi kwamba tarakimu ile inapotosha. Basi likaendelea na safari zake. Asubuhi ya Juni 24, kura zikiwa zimekwisha hesabiwa, Bwana Nigel Farage, mmoja wa wapiga debe wakubwa wa kutoka, ingawa basi lile halikuwa la kikundi chake, aliulizwa katika televisheni kama angeweza kuithibitisha ahadi ile. Akajibu hawezi, tena kwamba kuitoa lilikuwa kosa. Saa chache tu! Hata mchumba mwongo husubiri fungate iishe.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba upotoshaji ulikuwa wa upande mmoja. Mwezi Mei 2016 Wizara ya Fedha, chini ya Bwana George Osborne, ilitangaza kwamba kura ya kutoka peke yake, hata kabla ya kutoka kwenyewe, ingeleta mdororo wa uchumi wa mwaka mzima na kuwakosesha kazi watu kama nusu milioni. Mdororo huo haukuja, na katika miaka iliyofuata hesabu ya wasio na kazi ilipungua. Ni kweli kwamba pauni ilianguka usiku uleule, ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika mbele ya dola tangu 1985, na vitu vitokavyo ng'ambo vikapanda bei. Lakini mtu aliyetishwa kwa gharika kisha akaona manyunyu hamsikilizi tena mwenye kutangaza mvua. Hasara yenyewe ilikuja baadaye, polepole, kama mchwa katika boriti. Ofisi inayoikagulia Bajeti ya Uingereza, ambayo husimama kando ya wizara, imekadiria kwamba uzalishaji wa nchi hiyo, baada ya miaka mingi, utakuwa pungufu kwa kiasi cha 4 katika kila 100 kuliko kama wangalibaki. Wakati huo wale waliokuwa na haki ya kusema "tuliwaambia" walikuwa wamekwisha kujiharibia jina.

Baada ya kutoka ndipo magazeti yalipoonyesha ufundi wao wote. Wahenga walisema mwamba ngoma huvuta kwake, na katika London ngoma zilikuwa nyingi. Tuchukue habari ya chanjo. Desemba 2, 2020, Uingereza ilikuwa ya kwanza katika Ulaya kuidhinisha chanjo ya Pfizer dhidi ya korona. Waziri wa Afya, Bwana Matt Hancock, akasema wepesi huo umepatikana kwa sababu ya kutoka katika Umoja. Siku ileile mkuu wa mamlaka ya dawa, Daktari June Raine, alieleza kwamba idhini imetolewa kwa kutumia kifungu cha sheria za Ulaya zenyewe, ambazo zilikuwa bado zikitumika nchini mpaka Januari 1. Habari ya waziri ilikwenda kwa farasi. Ya daktari ilikwenda kwa miguu, na kuna miji ambayo twadhani haijafika hata leo.

Tena kuna habari ya pasipoti, nayo yachekesha ila kwa waliopoteza kazi. Magazeti yalishangilia kurudi kwa pasipoti ya rangi ya buluu kama alama ya uhuru uliokombolewa. Umoja wa Ulaya haukuwahi kumlazimisha mwanachama yeyote rangi ya pasipoti. Kroatia ilijiunga mwaka 2013 na ya buluu yake mkononi, nayo inayo hata sasa. Zabuni ya kuzitengeneza hizo mpya ilipofunguliwa, kampuni ya Kiingereza ya De La Rue, iliyokuwa ikizichapa katika mji wa Gateshead, ilishindwa na kampuni ya Kifaransa na Kiholanzi, na vitabu vikaenda kuchapwa Poland. Gateshead ni mji uliopiga kura ya kutoka. Kwa hiyo alama ya uhuru wao ilitengenezwa ndani ya Umoja ule waliouhama, kwa mikono ya wafanyakazi wengine.

Likitokea baya, ngoma huvutwa upande wa pili. Septemba 2021 vituo vya petroli vilikauka, watu wakapanga foleni tangu alfajiri, hata serikali ikawatuma askari kuendesha malori ya mafuta. Gazeti moja likasema ni korona tu, na kwamba madereva wamepungua Ulaya nzima. La pili likasema ni kujitoa tu. Ukweli ulikuwa wa kuchosha zaidi, ndiyo maana haukuuza magazeti. Madereva walikuwa wamepungua Ulaya nzima, naam. Lakini dereva wa Romania aliweza kuingia Ujerumani kuziba pengo bila kuomba ruhusa, na Uingereza hakuweza tena tangu Januari 1, 2021. Serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo ilipotangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa kigeni.

Kiwanda cha magari cha Honda huko Swindon kilifungwa Julai 2021, na wafanyakazi kama 3,500 wakapoteza kazi zao pale. Kampuni ilisema sababu ni mageuzi ya biashara ya magari duniani. Wapinzani wa kujitoa walikitumia kiwanda hicho kama ushahidi. Watetezi wake walikitumia maneno ya kampuni kama ngao. Sisi hatuna mizani ya kupima sehemu ya kila sababu, wala wao hawakuwa nayo. Tunachokiona ni kwamba fundi wa Swindon aligeuzwa ngozi ya ngoma ya pande zote mbili, kisha ngoma ikahamia kijiji kingine.

Lakini hakuna waliopigiwa ngoma kama wavuvi. Kwa miaka waliambiwa kwamba bahari yao imeporwa, nao walikuwa na sababu ya kuamini, maana merikebu za Wafaransa, Waholanzi na Wahispania zilivua sana katika maji yao. Mapatano ya Desemba 24, 2020 yaliwarudishia robo tu ya thamani ya kile Wazungu wenzao walichokuwa wakivua humo, tena kwa mafungu mpaka Juni 2026. Basi hilo lingestahimilika. Kilichowaumiza ni jambo ambalo hawakuandikiwa kwa herufi kubwa: samaki wengi wanaovuliwa na Waingereza hawaliwi Uingereza, huuzwa ng'ambo, na zaidi huko huko Ulaya. Januari 2021 kamba na kaa wa Uskoti walichelewa mipakani kwa kusubiri vyeti vya afya na hati za forodha, nao kamba hawajui kusubiri. Wenye malori wakaenda London kulalamika karibu na nyumba ya Waziri Mkuu. Mwezi uleule, bungeni, Bwana Jacob Rees-Mogg alisema samaki sasa ni wa Kiingereza na kwa hiyo wana furaha zaidi. Mvuvi wa Kojani au wa Mafia, anayejua kazi ya kumfikisha samaki sokoni kabla ya jua kali, atalipima mwenyewe neno hilo. Na Mei 2025 serikali ya London ilikubali vyombo vya Ulaya viendelee kuvua katika maji yake miaka 12 zaidi, mpaka 2038.

Wako watakaotuuliza: je, waliopiga kura ya kutoka walikuwa wajinga? La, hasha. Tuliosoma Kitabu tunakumbuka jinsi makabila kumi yalivyomwendea Rehoboamu, mwana wa Sulemani, yakiomba apunguze mzigo aliowatwika baba yake. Yeye akawasikiliza vijana wenzake, akawajibu kwa ukali, nao wakajitenga. Miji ya makaa ya mawe na ya chuma katika Uingereza ilikuwa na malalamiko ya kweli: migodi ilifungwa, viwanda vikahama, mishahara ikadumaa. Ila mengi ya hayo yaliamuliwa London, wala si Brussels, na magazeti yaliyowaelekeza watu wakitazame Brussels yalijua hivyo. Bwana Boris Johnson, kabla hajawa Waziri Mkuu, alikuwa mwandishi wa Daily Telegraph mjini Brussels kuanzia 1989 hadi 1994, akajipatia sifa kwa habari za vituko vya Ulaya, nyingi zikiwa zimetiwa chumvi kupita kiasi cha chungu. Waliotaka wageni wapungue nao wakaona maajabu: katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia waliwazidi waliotoka kwa watu zaidi ya 900,000, wengi wao kutoka India, Nigeria na China. Hospitali na nyumba za wazee zilihitaji mikono, na mikono ya Ulaya ilikuwa imepungua.

Magazeti hayo ni ya nani? Daily Mail ni la ukoo wa Rothermere. The Sun ni la kampuni ya Bwana Rupert Murdoch, mzaliwa wa Australia aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 1985. Ni Daily Mail lililochapa Novemba 4, 2016 picha za majaji watatu na kuwaita maadui wa umma, kwa kosa la kuamua kwamba serikali haiwezi kuanza kujitoa bila ridhaa ya Bunge. Ati waliokuwa wakipigania mamlaka ya Bunge lao! Mtu atasema: na nyinyi je, si gazeti la chama? Ndiyo, ni la chama, na mwenye nyumba ameandikwa mlangoni. Msomaji wetu hajui kiingereza cha kusema "huru" huku kamba imeshikwa na tajiri mmoja. Anajua ni nani anayesema naye, na ana tawi la kwenda kutuuliza.

Kwa nini tumesema sana habari za Waingereza? Kwa sababu mti ule ulipoanguka, tawi moja lilitua katika uwanja wetu. Alipokuwa ndani ya Umoja, Mwingereza alipokea chai, maua na maharage ya Kenya bila ushuru kwa kanuni za Ulaya. Alipotoka, Kenya, isiyohesabiwa kati ya nchi maskini zaidi duniani, ilikabiliwa na ushuru. Ikatia saini mapatano yake na London Desemba 8, 2020. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo mlango wao ulibaki wazi kwa sababu ya umaskini wao, hazikutia. Hivyo Jumuiya yenye ushuru mmoja wa forodha ikawa na mapatano ya mwanachama mmoja. Hatumlaumu Mkenya anayelinda ajira ya mchuma maua wa Naivasha. Tunaonyesha tu jinsi kujitoa kwa wengine kunavyoingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Twasikia siku hizi, katika mabaraza na hata katika mikutano ya matawi, watu wakisema Jumuiya inatutia hasara, bora tutoke. Wazee wanakumbuka. Jumuiya ya kwanza ilipokufa mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa Novemba 1983. Mapatano ya kugawana mali yalitiwa saini Arusha Mei 1984. Magazeti ya kila upande yalikwisha kutaja mwenye kosa siku nyingi kabla. Watumishi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki wakidai haki zao, wengine mpaka mahakamani, mpaka miaka ya 2000.

Kwa hiyo twaiomba wizara yetu yenye dhamana ya ushirikiano wa Afrika Mashariki isingoje siku ya ugomvi. Itoe kila mwaka, kwa Kiswahili, hesabu ya kile tunachotoa na tunachopata katika Jumuiya: michango, ushuru, mahindi yaliyovuka Namanga na Mutukula na siku yaliyokaa mpakani, kazi zilizopatikana na zilizopotea. Pasipojulikana, iandikwe hapajulikani. Hesabu hiyo ibandikwe katika ubao wa kila tawi na kila kiwanda, na gazeti hili litaichapa yote, pamoja na tarakimu zisizotupendeza.