Nyumba inayojiendesha: umeme na rezo vikikatika, nani anabaki na ufunguo?

Ampuli inayowashwa kwa telefone, prizi inayozimwa mwenye nyumba akiwa kazini, kamera inayoonyesha mlango wa parseli kwenye ekrani: vyombo hivi vimetoka kwenye filamu na kuingia mu maduka. Vinafika Lubumbashi kwa njia moja na bidhaa zingine nyingi, kutoka viwanda vya China, kupitia bandari za Dar es Salaam ao Durban, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Wanaovinunua wako na sababu zinazoeleweka: wezi wa usiku, umeme unaoondoka bila kuaga, mtoto aliyesahau kuzima resho.

Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye vitu viwili ambavyo nyumba nyingi za Kongo hazina: umeme wa saa 24 na intaneti isiyokatika. Kwa hiyo, mbele ya kutoa feza, mtu anayeanza anapaswa kuuliza: siku umeme haupo, ao rezo haipo, chombo hiki kitafanya nini?

Umeme kwanza

Kwa hesabu za Benki ya Dunia, ni karibu mtu 1 kati ya 5 tu anayepata umeme katika inchi yote. Katanga inapokea umeme kutoka Inga, kwa laini ya kilomita karibu 1,700 inayofika Kolwezi, na pia kutoka mabwawa ya huku huku, kama Nzilo, Nseke na Mwadingusha. Migodi inachukua sehemu kubwa. Raia anabaki na delestaje.

Delestaje inaleta hatari mbili. Ya kwanza: umeme ukirudi, mara nyingi unarudi na nguvu isiyo sawa, na vyombo vidogo vya elektroniki ndivyo vinavyoungua mbele ya vingine. Ampuli ya kawaida ya LED ikiungua, hasara ni ndogo. Ampuli yenye Wi-Fi iko na bei mara nyingi zaidi, na inaungua vilevile. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu atamwambia mteja aanze na chombo cha kulinda voltaji, kile kinachongoja dakika chache mpaka umeme utulie ndipo kinaufungulia nyumba.

Hatari ya pili inaweza kuteketeza nyumba. Mama anapika, umeme unakatika, anaacha resho bila kuizima na kwenda sokoni. Umeme unarudi wakati hakuna mtu. Pasi iliyosahauliwa juu ya nguo inafanya vilevile. Hapa prizi yenye akili inaweza kusaidia kweli, kwa sharti moja: ipangwe kubaki imezimwa umeme unaporudi, mpaka mtu aiwashe tena. Zingine zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka zenyewe. Kuijaribu ni rahisi: chomeka taa kwenye prizi hiyo, iwashe, chomoa prizi ukutani, kisha irudishe. Taa ikiwaka yenyewe na prizi haina njia ya kubadilisha mpango huo, isitumiwe kwa resho wala pasi.

Kuko pia swala la uzito. Prizi iliyoandikwa ampere 10, kwa voltaji 220, inabeba wati 2,200 tu. Resho ya sahani mbili inaweza kupita hapo. Prizi inayopata moto mkononi iko inaomba kuondolewa, hata kama programu yake mu telefone inaonyesha kwamba kila kitu ni sawa.

Rezo inayoondoka na mwenye nyumba

Watu wengi wanapata intaneti kwa mega za telefone. Mtu ananunua ampuli tatu na kamera, anaziunganisha kwa partaje ya telefone yake, zinatembea vizuri, jamaa wanashangilia. Asubuhi anaenda kazini na telefone mu mfuko. Rezo ya nyumba imeenda naye. Kamera iliyonunuliwa juu ya kulinda nyumba wakati yeye hayupo inakuwa kipofu wakati huo huo.

Ili vyombo vya Wi-Fi vitumike, nyumba inahitaji ruta yake, yenye kadi ya SIM ao laini nyingine, inayowaka siku nzima. Ruta ya wati 10 inakula wati-saa 240 kwa siku. Batri ndogo ya volti 12 na ampere-saa 7 iko na wati-saa 84: kwa hesabu ya karatasi ni saa 8, kwa kweli ni chini ya hapo, juu batri ya risasi haipendi kumalizwa yote. Delestaje ya siku mbili itaishinda.

Kisha kuko mega. Kamera inayotuma picha bila kusimama kwa megabiti 1 kila sekunde inakula karibu giga 10.8 kwa siku. Familia gani itanunua mega hizo kila siku? Kamera inayofaa kwa anayeanza ni ile inayoandika kwenye kadi ya memori iliyo ndani yake, na inatuma picha pale tu inapoona mtu anapita.

Nani anashika ufunguo

Hata rezo ikiwa nzuri, vyombo vingi vya bei ndogo havizungumzi na telefone moja kwa moja. Mtu anabonyeza kitufe akiwa sebuleni, amri inavuka bahari mpaka kompyuta za kampuni, kisha inarudi kuwasha taa iliyo mita tatu mbele yake. Njia hiyo ikifungwa, taa haisikii.

Wakongomani wanajua intaneti inaweza kufungwa. Kisha uchaguzi wa 2018, ilikatwa inchi nzima tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mpaka katikati ya mwezi wa kwanza 2019 na zaidi, karibu siku 20. Kampuni nayo inaweza kufunga. Mwaka 2016, Nest, iliyokuwa ya familia ya Google, ilizima huduma ya Revolv, na sanduku ambalo watu walilinunua kwa kuongoza nyumba halikutumika tena. Mwaka 2022, Insteon ya Marekani ilizima kompyuta zake gafula, na wateja wakaona programu zao zimekufa.

Familia zinazolipa kiti ya jua kidogo kidogo kwa telefone zinaelewa jambo hili: malipo yakichelewa, kiti inafungwa kutoka mbali. Lakini wao waliambiwa tangu mwanzo. Mnunuzi wa ampuli haambiwi na mtu.

Kuko njia za kurudisha ufunguo nyumbani. Tangu 2022, kampuni kubwa, kati yazo Apple, Google, Amazon na Samsung, zinakubali kanuni moja inayoitwa Matter, inayoruhusu vyombo kuongea ndani ya nyumba bila kupita inje. Programu ya bure Home Assistant, iliyoanza 2013, inafanya vilevile kwenye kompyuta ndogo. Kwa anayeanza, alama nyepesi zaidi ni hii: chombo kiwe na kitufe cha mkono kinachotumika hata telefone ikipotea.

Kamera inaangalia nani

Mwaka 2016, virusi vya kompyuta vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa sababu wenyewe waliacha neno la siri la kiwanda. Vyombo hivyo vilitumiwa kushambulia mitandao, na Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilikuwa kati ya walioumia. Kamera mpya ikitoka mu kartoni, kazi ya kwanza ni kubadilisha neno hilo la siri.

Kisha kuko watu wanaopigwa picha. Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayavunjwi, na kifungu cha 31 kinalinda maisha yake ya siri. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Kamera ya mlangoni inaona parseli ya jirani. Ile ya sebuleni inaona mtumishi, mpangaji na watoto. Sentineli naye anastahili kuambiwa kwamba anapigwa picha, na picha zinabaki wapi.

Kuanza na kidogo

Fundi anaweza kuanza bila intaneti hata kidogo: taa ya inje yenye selule inayojua giza, taa ya jua inayowaka mtu akipita, flotere inayosimamisha pompi tanki la mayi likijaa. Hizo zote ni nyumba inayojiendesha, na taa ya jua haiathiriwi na delestaje. Kisha inakuja prizi moja kwa ajili ya resho ao pasi, iliyojaribiwa. Kamera ifuate pale tu ruta iko na umeme wake na mega zake zimehesabiwa.

Na siku ya kupokea kazi ya fundi, mwenye nyumba azime telefone, akate ruta, kisha ajaribu kuwasha taa, kufungua mlango na kusimamisha pompi kwa mkono. Kitakachokataa kirudishwe kwa fundi akiwa bado yuko hapo.