Bendera Isiyofuata Upepo

Husemwa na wengi, tena kwa kiburi, kuwa bendera ya taifa si kitu cha kuchezewa. Wasemao hivyo hudhani kuwa mchezo na heshima haviwezi kukaa nyumba moja. Kazi ya Jasper Johns, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa katika jimbo la Georgia mwaka 1930, yatosha kuibomoa dhana hiyo. Nayo yatosha pia kuwaumbua baadhi ya wale wamsifuo.

Johns alitoka jeshini mwaka 1953. Mwaka uliofuata aliota usiku kuwa anachora bendera kubwa ya nchi yake; kulipokucha akaenda kutafuta vifaa, akaanza. Alibandika vipande vya magazeti, akavipaka rangi iliyochanganywa na nta ya moto. Nta huganda upesi: kila pigo la brashi hubaki pale lilipotua, wala halimezwi na lile lifuatalo. Chini ya nyota 48 (Alaska na Hawaii zilikuwa hazijawa majimbo) na chini ya milia 13, maandishi ya magazeti huonekana kwa mbali, kama uso nyuma ya ukaya. Waswahili husema bendera hufuata upepo. Hii haina mlingoti, haina mkunjo, wala haina upepo wa kuufuata. Imeenea ubao mzima, ukingo hata ukingo, na aliyezoea kuipigia saluti kabla ya kuitazama hana budi sasa kuitazama.

Je, huko ni kutukana? Wako waliohofia hivyo. Mwaka 1958, Johns alipofanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake katika ukumbi wa Leo Castelli mjini New York, Alfred Barr wa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa alinunua picha tatu. Bendera hakuithubutu. Alichelea makelele ya wazalendo, akamshawishi Philip Johnson, msanifu wa majengo, ainunue yeye. Nayo ikaingia katika makumbusho mwaka 1973. Miaka kumi na mitano! Na kichekesho ni kwamba kosa lenyewe halikuonekana. Rangi zilikuwa zile zile, nyota haikupungua hata moja. Mwenye kutaka kukasirika alikosa pa kushika.

Hapo huingia watetezi wa namna ya pili, nao wana madhara zaidi. Hawa hudai kuwa bendera ya Johns haisemi neno. Ni umbo tu, kama duara au tarakimu. Huu ni uvivu wa fikira. Mtu aliyeambiwa na baba yake kuwa jina lao limetokana na Sajini William Jasper, yule aliyeisimamisha tena bendera ya ngome iliyoangushwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1776, hachagui bendera kama achaguavyo duara. Wala Johns hakuishia kwenye bendera ya kwanza. Mwaka 1958 alipandanisha bendera tatu, ndogo juu ya kubwa. Mwaka 1965 alichora moja ya kijani, nyeusi na rangi ya chungwa, na chini yake nyingine ya kijivu. Akaziaye macho nukta iliyo katikati ya ile ya juu, kisha akayashusha, huona nyekundu, nyeupe na buluu mahali ambapo rangi hizo hazipo. Mwaka 1969 bendera kama hiyo ya kijani ikawa tangazo la kupinga vita vya Vietnam. Ni mchezo, naam, lakini mchezo uulizao kama utukufu wa bendera umo katika kitambaa ama katika jicho lililofunzwa. Asemaye kuwa hakuna swali hapo hajatazama.

Utetezi wa “umbo tu” haukuwafaa kitu wale waliotaka kusema wazi. Mwaka 1967 Stephen Radich, mwenye ukumbi wa picha mjini New York, alitozwa faini ya dola 500 kwa kuonyesha sanamu za Marc Morrel zilizoundwa kwa bendera. Hukumu hiyo haikutanguliwa hadi mwaka 1974. Mwaka 1970 Faith Ringgold, Jon Hendricks na Jean Toche walikamatwa kwa ajili ya maonyesho ya bendera katika Kanisa la Judson, wakapatikana na hatia. Kejeli ya kimya iliitwa sanaa, usemi ukaitwa jinai. Johns hana lawama katika hilo. Lawama ni yao waliomfanya kipimo cha adabu, wakawapimia wenzake kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe hakukitunga.

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa hata kuichoma bendera kwa kuipinga serikali kunalindwa na katiba. Mwaka 2011 Rais Barack Obama alimvika Johns Nishani ya Uhuru ya Rais. Ringgold naye, mwanamke mweusi wa Harlem, alikuwa amechora mwaka 1967 bendera ivujayo damu juu ya watu watatu walioshikana mikono. Picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington mwaka 2021, yapata miaka mitatu kabla ya kufa kwake.